Tujiandae kwa Kimbunga Kabla ya Tanga Mbili

Tangu zama za kale mabaharia wa mwambao wetu wameuhesabu mwaka kwa pepo zake. Kaskazi hushika tangu Desemba hadi Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka. Baina ya pepo hizo mbili upo muda ambao upepo hauna msimamo, leo huku na kesho kule. Wazee waliuita tanga mbili, kwa kuwa vyombo huweza kutweka kwenda kaskazini au kwenda kusini. Tanga mbili ya kwanza ya mwaka huangukia Aprili na mwanzo wa Mei, wakati wa mvua za masika. Lakini ni wachache miongoni mwetu, wananchi na viongozi pia, wanaokumbuka kuwa muda huo ndio ambao vimbunga vya Bahari ya Hindi vimekuwa vikitufikia.

Hebu tuzitazame tarehe. Kimbunga kilichoivunja Unguja kilikuja Aprili 15, 1872. Kilichoipiga Lindi kilikuja Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipita Ngazidja Aprili 24, 2019, na siku ya pili yake kikaingia Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Jobo, kilichotishia Mafia na Dar es Salaam, kilikuja Aprili 2021. Hidaya kiliifikia Mafia Mei 4, 2024. Si lazima mtu awe mtaalamu wa hali ya hewa ili auone mfuatano uliomo katika tarehe hizo. Linalopasa kuulizwa ni hili: kila mwaka ifikapo Machi, ni shehia ngapi na vijiji vingapi vya visiwa vyetu vinavyojua nani atampasha nani habari, watu wahamie wapi, na wafike huko kwa njia gani?

Kumbukumbu iliyofifia

Tufani ya 1872 ilitokea Seyyid Barghash akiwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha usultani. Iliangusha sehemu kubwa mno ya minazi na mikarafuu ya Unguja, ikavunja majahazi bandarini, na kuziangamiza merikebu za Sultani mwenyewe. Pemba, iliyo karibu tu, ilinusurika. Kwa kuwa mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, wenye mashamba wa Unguja hawakuweza kusimama upesi, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza katika karafuu, nafasi ambayo haijaipoteza hadi leo. Upepo wa muda usiozidi siku moja uliihamisha mali ya nchi kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Hayo si mambo ya ngano. Ni historia ya uchumi wetu.

Baina ya tufani hiyo na ile ya Lindi ya 1952 ilipita miaka 80. Baina ya ile ya Lindi na Hidaya ilipita miaka 72. Huo ni umri wa mzee mmoja. Maana yake ni kwamba kila mara kimbunga kikubwa kilipotufikia, waliokishuhudia kilichotangulia walikuwa wamekwisha kufariki au walikuwa watoto wadogo wakati ule. Ndugu zetu wa Bukini na Morisi hupatwa na vimbunga mara kwa mara, na kwa hiyo kila nyumba ina mtu anayejua namna ya kuufunga mlango na wakati wa kuondoka. Sisi hatuna somo hilo. Uchache wa vimbunga vyetu, ambao ni neema, umetuletea hatari ya pili: tumedhani kimbunga ni shida ya watu wengine.

Miaka ya karibuni imetunyima udhuru huo. Mwaka 2019 Kenneth kilibomoa sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa cha Ibo, mji mkongwe wa mwambao ulio mfano wa miji yetu. Mwezi huo huo wa Mei 2024 uliotuletea Hidaya, kimbunga kingine, Ialy, kilipita baharini mbele ya Kenya na kuleta pepo kali katika mwambao wake. Desemba 14, 2024, Chido kiliangamiza mitaa mizima ya Mayotte, kisiwa cha Wakomoro kilicho chini ya Ufaransa, kisha kikaingia Msumbiji. Hatudai kwamba kila mwaka sasa utakuwa na kimbunga chake. Lakini wataalamu wanatuambia kwamba bahari inazidi kupata joto, na joto la maji ndicho chakula cha kimbunga. Mwenye macho haambiwi tazama.

Ukuta wa Bukini una pengo

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida lipatalo nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, na huzungushwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Karibu na mstari wa Ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu. Ndiyo sababu Pemba, iliyo kiasi cha nyuzi 5 kusini ya Ikweta, ina usalama zaidi kuliko Mafia iliyo karibu na nyuzi 8, na Mafia ina nafuu kuliko Lindi na Mtwara zilizo kwenye nyuzi 10. Aidha, kisiwa kikubwa cha Bukini kimesimama mbele yetu kama ukuta, na vimbunga vingi huvunjikia huko au hupinda kwenda kusini. Lakini ukuta huo una pengo upande wake wa kaskazini. Kenneth na Hidaya vilipita hapo.

Jambo jingine linalopotosha ni kalenda. Katika eneo letu la bahari, vimbunga hufuatiliwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, na msimu wake hutajwa kuwa ni kuanzia Novemba 15 hadi Aprili 30. Hidaya kilitufikia Mei 4, msimu ukiwa umekwisha kwa mujibu wa karatasi, na Ialy kilikuja baadaye zaidi. Ofisa anayefunga jalada lake la maafa siku ya mwisho ya Aprili anafuata kalenda iliyopangwa kwa ajili ya bahari nzima. Sisi inatupasa tukeshe hadi kusi ishike barabara.

Maji kuliko upepo

Watu wanapotaja kimbunga huwazia mapaa yanayoruka. Kwa hakika, katika nchi za chini zilizo pembezoni mwa bahari, kinachoua zaidi mara nyingi ni maji. Kimbunga huisukuma bahari mbele yake na kuiinua, kisha humwaga mvua juu ya nchi ambayo maji yake hayana pa kutokea, kwa kuwa bahari imekwisha kujaa. Machi 2019 mji wa Beira, uliojengwa katika nchi tambarare na ya majimaji, ulipatwa na kimbunga Idai. Nchini Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600, wengi wao kwa mafuriko. Baada ya maji kupungua, kipindupindu kikazuka.

Katika visiwa vyetu hatari hiyo ina kipimo ambacho kila mvuvi anakijua. Maji ya bamvua kuu huweza kupanda karibu mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa. Katika maji mafu tofauti hiyo haifiki hata nusu. Sasa na tukumbuke kwamba Mei 4, 2024 ilikuwa mwezi 25 Mfungo Mosi. Mwezi ulikuwa umebaki kipande, na bahari ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika maji mafu. Lau Hidaya kingechelewa siku tano au sita, kingelikutana na bamvua ya mwezi mwandamo. Maji yaliyosukumwa na upepo yangepanda juu ya maji yaliyokwisha kujaa, na habari za vijiji vya Mafia, vya visiwa vidogo vya Jibondo, Juani na Chole, na vya delta ya Rufiji zingekuwa nyingine kabisa. Hata hivyo, pamoja na nafuu hiyo, nyumba ziliharibika Mafia, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika wilayani Kilwa, malori na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo anayesema kwamba Hidaya tulikistahimili na kingine tutakistahimili vivyo hivyo, na aitazame kwanza takwimu ya mwezi.

Onyo na gharama zake

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Leo hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kukiona kimbunga siku kadhaa kabla hakijafika. Hidaya kilitangazwa mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Taifa ambalo Julai 18, 2012 lilizika watu wake baada ya MV Skagit kuzama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka, halina haja ya kuelezwa thamani ya uamuzi kama huo.

Lakini onyo lina maadui wawili. Adui wa kwanza ni dhihaka. Aprili 2021 wananchi walitahadharishwa juu ya Jobo, kisha kimbunga hicho kikapoteza nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Wapo waliocheka. Wanaocheka hivyo wanasahau kwamba njia ya kimbunga huweza kugeuka, na kwamba onyo linalongoja hadi uhakika upatikane ni onyo lililochelewa. Nahodha anayepunguza tanga akiona wingu jeusi, kisha wingu likapita, hakuna baharia amwitaye mwoga. Onyo lisilotimia si uongo. Ni ada tunayolipa ili lile litakalotimia litukute tayari.

Adui wa pili ni njaa, na huyu hashindwi kwa hotuba. Mvuvi wa ngalawa hula leo alichovua leo. Mama anayelima mwani hupata kwa kadiri anavyoingia majini. Siku tatu bila kwenda baharini ni siku tatu bila sufuria kuinjikwa. Ofisa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi anapomwambia mvuvi asitoke, maneno yake ni ya haki, lakini mzigo wake haubebwi sawasawa. Dau la mnyonge haliendi joshi. Ikiwa ada ya onyo inalipwa na maskini peke yake, basi baada ya maonyo mawili au matatu yasiyotimia atatoka, na siku hiyo ndiyo huenda ikawa siku yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza bila kuficha: serikali ishiriki katika kuilipa ada hiyo. Kila wilaya ya kisiwani iweke akiba ya chakula, walau mchele, unga na mafuta, itakayogawiwa kwa wavuvi na wakulima wa mwani walioandikishwa, kila bahari inapofungwa kwa amri kwa zaidi ya siku moja. Madiko yanajulikana, na vyombo na mabaharia wake huweza kuandikwa. Jambo hilo si sadaka. Ni sehemu ya onyo lenyewe, kama vile nanga ni sehemu ya chombo.

Waliojifunza kwa msiba

Nchi ya Bangladesh ni tambarare kama delta ya Rufiji, nayo imejaa watu. Novemba 1970, ilipokuwa bado ni Pakistani ya Mashariki, kimbunga kimoja kiliua watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo uliundwa mpango wa kujikinga na vimbunga uliosimama juu ya watu wa kujitolea wa vijijini, ambao sasa idadi yao imepita 70,000. Hao hutandaza habari kwa miguu, kwa vipaza sauti vya mkononi na kwa bendera, ambazo idadi yake huongezwa kadiri hatari inavyokaribia. Hata asiyejua kusoma huzihesabu.

Wananchi wale hawakufanikiwa mara moja. Mwaka 1991 kimbunga kingine kiliua kiasi cha watu 138,000. Ikadhihirika kwamba majengo ya kukimbilia yalikuwa machache, kwamba wanawake waliona haya kujazana na wanaume wasiowajua, na kwamba wakulima hawakutaka kuiacha mifugo yao. Basi yakajengwa majengo zaidi, yenye vyumba vya wanawake, na vikatengenezwa vichuguu vya udongo vya kuhifadhia ng'ombe. Mei 2020, kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Nchi ile si tajiri. Ilichokuwa nacho ni mpango, na subira ya kuurekebisha mpango kila ulipopwaya.

Yatupasayo

Sheria hatuna upungufu nazo. Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa chini ya sheria ya 2015, na Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Linalotakiwa ni kuzishusha sheria hizo kutoka kabatini hadi ufukweni.

Kwanza, kamati za maafa za shehia na za vijiji zikutane kila mwaka mnamo Februari, bahari ikiwa shwari, wala zisingoje tangazo la redio. Ziandike majina ya wazee, wagonjwa, walemavu na wajawazito, na kando ya kila jina liandikwe jina la kijana atakayemchukua.

Pili, kila shehia iteue jengo la kukimbilia, liwe ni skuli au msikiti wa mawe, mahali palipoinuka. Paa lake likaguliwe na fundi, liwe na tangi la maji na mahali pa faragha kwa wanawake. Kisiwa kidogo kisicho na mwinuko kipangiwe vyombo vya kuhamishia watu siku mbili kabla, maana upepo ukishaanza hakuna atakayevuka.

Tatu, onyo lisitegemee umeme. Siku ile ile ya Mei 4, 2024 hitilafu ya gridi ya taifa ilizima umeme nchini, na simu isiyo na chaji haina faida kwa mwenyewe. Tuna vipaza sauti vinavyotumia betri, tuna bendera, na tuna mbiu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tena onyo lisemwe kwa lugha ya bahari. Kilomita kwa saa peke yake hazimwambii mzee wa Tumbatu au wa Kojani habari nyingi. Aambiwe pia upepo utatoka upande gani na kugeukia wapi, na kama maji yatakuwa ni bamvua au maji mafu.

Nne, mikoko na miamba ya matumbawe ilindwe kwa dhati. Mikoko ya Rufiji, iliyo mingi kuliko ya mahali pengine popote katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika majumbani. Haiwezi kuzuia kila kitu, lakini anayeikata kwa tanuri la chokaa au kuchota mchanga wa pwani anaibomoa boma ambayo serikali haina fedha za kuijenga upya.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Mapaa yafungwe barabara kwa nondo au kamba kabla ya masika, na matawi makavu ya miembe na minazi iliyo juu ya nyumba yakatwe. Onyo likitolewa, ngalawa na mashua zivutwe hadi juu ya mstari wa maji ya bamvua, au ziingizwe ndani ya hori penye mikoko. Visima vifunikwe, na maji ya kunywa yatekwe mapema, kwa sababu kisima kilichoingiwa na maji ya chumvi hakiponi kwa siku mbili. Vyeti na hati zitiwe ndani ya mifuko ya plastiki. Watu wasiende ufukweni kutazama mawimbi. Na pepo zikitulia ghafula, mtu asitoke nje kwa furaha: huenda lile ni jicho la kimbunga, na baada yake upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande mwingine. Baada ya tufani kupita, maji yachemshwe kabla ya kunywewa.

Watu wetu wana msemo kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ni faraja kwa aliyefikwa, lakini hauwezi kuwa sera ya serikali wala udhuru wa kamati iliyolala. Kimbunga kinachoonekana siku tatu kabla kina kinga, na kinga hiyo hutengenezwa katika miezi ya kaskazi, wakati wanaoitengeneza wanaonekana kama watu wanaojisumbua bure. Ni heri kiongozi achekwe mwezi wa Mei kwa kuwa kimbunga hakikuja, kuliko kuulizwa mwezi huo huo walikokuwa wale waliopewa dhamana ya kuwatahadharisha watu.